Joho Langu Nimelitoa Sandukuni

Nekesa mwanangu,

Joho langu nimelikuta kwenye sanduku lako. Ulikuwa umelikunja ukaliweka chini kabisa, chini ya viatu na pakiti za unga, kana kwamba mimi ni afisa wa forodha pale Lwakhakha ambaye atafunua nguo za juu tu aridhike. Wewe umeenda Bungoma kumuaga bibi yako, kukhu, mimi nimeachiwa kazi ya kukufungia mizigo, na hilo ndilo nililolipata. Mtoto niliyemsomesha sheria ameniibia joho la sheria. Nimeketi kitandani kwako nikacheka kwanza, halafu nikakasirika, na sasa nimechukua kalamu kwa sababu naona hasira yenyewe imepita mambo ya joho.

Najua ulilichukulia nini. Lako ni jipya, bado linang'aa, na nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba ukisimama nalo mbele ya jaji atajua mara moja kuwa hujapigania kesi hata moja. Langu limepauka mabegani na limeshonwa kwapani, kwa hiyo ukaona linafaa kukupa umri. Nitarudi kwenye jambo hilo. Mambo ya neti ya mbu, kuchemsha maji na kupiga simu siyaandiki, maana baba yako ameshayasema yote na bado anatafuta nafasi ya kuyarudia kesho alfajiri kabla gari la Lodwar halijafika.

Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili mezani, ambalo nililijibu kwa kukutuma chumvi.

Baba yako ndiye aliyeanza. Unamjua. Akiogopa jambo hulifanyia mzaha. Alisema, "Mimi sielewi. Huko watu wanapigana na vifaru, na huyu anaenda na vitabu. Wakili kwenye vita atafanya nini? Atasomea risasi vifungu?" Ukamweleza tena, kwa ule uvumilivu wako unaoniudhi, kwamba mtakuwa mkiwasaidia mawakili wa nchi ile jirani, ng'ambo ya Lodwar, kutafuta watu waliokamatwa na kufungiwa bila mashtaka, na kuiomba mahakama iamuru waletwe. Halafu ukasema, "Si Mama alifanya kazi hiyo hiyo wakati wa vita ya mlimani?" Ukanigeukia. "Kwani, Mama, ile kesi ya Barasa iliishia wapi? Mbona hukurudi kortini?"

Nami nikakwambia niletee chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Vita vile unavikumbuka kitoto. Unakumbuka kwamba nyumba ilijaa watu, na kwamba ulilalamika watoto waliotoka Endebess wanakukojolea kitandani. Ulikuwa chekechea. Hukujua kwa nini wamekuja na kuku wao ndani ya magunia, wala kwa nini mama zao walikuwa wakinyamaza kila lori likipita barabarani.

Watu hupenda kusema vita viliwashwa na vijana walioingia msituni na bunduki. Mimi nilikuwa nikifanya kesi za mashamba miaka ile, na nakwambia vilianzia kortini, kwenye kuahirisha. Shamba linagawanywa, mgao unafutwa, linagawanywa tena kwa watu wengine, na kila aliyenyang'anywa ana wakili, na kila wakili ana sababu ya kuomba tarehe nyingine. Nami niliziomba. Leo faili halionekani, mara ijayo mwenzangu ana msiba, mara nyingine mimi mwenyewe jino linaniuma. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeshuka kutoka mlimani kila tulipoitwa, na siku moja aliniuliza, "Mama, hii kesi iko na mwisho, ama ni kama mvua tu?" Nikamwambia avumilie. Wanawe hawakuvumilia, na sikuwaunga mkono, lakini hadi leo nikisikia wakili kijana akiomba kuahirisha kesi ya shamba huku akicheka na mwenzake, mwili unanisisimka.

Kisha wale wa msituni wakaanzisha korti yao. Hilo lilinichosha akili kuliko bunduki. Watu waliokimbia sheria walikuwa wakiwaita wenzao kwa tarehe, wanawasomea makosa, wanawatoza faini, na wengine wakawakata masikio. Halafu serikali ikaleta askari kuwaondoa, na askari nao wakachukua watu kwa jumla, mwenye hatia, asiye na hatia na aliyekuwa anapita njia. Na wao pia ukiwauliza walikuwa na sheria, ati ni operesheni. Utayakuta hayo hayo huko unakoenda. Umenionyesha zile rasimu za katiba, kila jenerali na yake, zimepigwa chapa vizuri na kutiwa sahihi mbele ya kamera, na kesho yake wanarudi kupigana. Mimi nilizisoma nikataka kuzitupa nje. Wanapenda katiba kama watu wanavyopenda suti ya harusi.

Lakini sikiliza, maana hili nililijua kwa kuchelewa. Mtu anayetaka kuonekana ana sheria, huyo unaweza kumdai aifuate. Ndiyo kamba pekee mtakayoshika. Asiyejali hata kuonekana, usibishane naye kifungu, ondoka hapo.

Sasa Barasa. Alikuwa akikusanya maziwa Endebess na kuyaleta Kitale kwa baiskeli. Asubuhi moja askari walimshusha njiani. Mitungi ilikutwa kando ya barabara imesimama, vifuniko vimekazwa, na baiskeli imeegemezwa kwenye ua wa watu. Nasimiyu mkewe alikuja ofisini kwangu akiwa amebeba mtungi mmoja, akauweka mezani juu ya faili zangu. Nilimuuliza kwa nini ameuleta. Akasema, "Ili usiseme ametoroka na mwanamke. Mtu anatoroka akiwa ameegemeza baiskeli?"

Niliandika ombi usiku ule ule. Wewe unalijua kwa jina lake la Kilatini na unalipenda kama wimbo. Mimi nilimweleza Nasimiyu kwa njia ya kawaida, kwamba tunaiomba mahakama imwambie anayemshikilia Barasa amlete, na akisema hanaye, aeleze amempeleka wapi. Jaji alikubali. Amri ikatoka na muhuri wake. Nilitoka pale nikijiona mtu mkubwa sana.

Nikaipeleka kambini mwenyewe. Askari wa getini akaitazama, akanitazama.

"Hii ni nini?"

"Amri ya mahakama."

"Mahakama ya wapi?"

"Ya Kenya."

"Hapa ni operesheni, madam," akasema, lakini kwa adabu. Akaniletea kiti. Akaniletea na chai ya maziwa, akasema mkubwa anakuja. Nikakaa. Nikanywa chai yao, nikashukuru. Jua likazunguka kile kiti chote, mkubwa hakuja, na jioni nikaondoka nikiwa nimeiacha amri mikononi mwa kijana aliyesema ataifikisha. Waliposema baadaye mahakamani kwamba hawakuwahi kukabidhiwa chochote, wakili wa serikali aliuliza nilimkabidhi nani, na mimi sikujua hata jina lake. Nilichoweza kueleza vizuri ni chai. Nekesa, wakikupa kiti getini, simama. Watakuona huna adabu, na wewe wacha wakuone hivyo. Mtu aliyesimama getini anasumbua watu wote wanaopita, na aliyeketi amekuwa mgeni.

Basi kesi ikaanza kwenda na kurudi. Wanaomba muda, jaji anawapa. Mvua ikaja ikaisha. Na huku Endebess nyumba ya Barasa ilikuwa imekwama. Kijana wao mkubwa alikuwa amefika umri wa kutahiriwa, na mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wa kutahiri. Unajua kwetu mwaka huo ukipita mtoto anangoja mwingine, na wenzake wa rika wanamwacha nyuma. Sasa nani angesimama kama baba yake? Kama Barasa amekufa, amu anaweza kusimama. Kama yu hai, amu akisimama ni kumtanguliza ndugu yake kaburini. Mtu hayuko kwa wazima wala hayuko kwa wafu, na mambo ya boma zima yanamngoja yeye.

Wazee wakaamua wazike mgomba. Wewe hukuwahi kuona, maana siku hizi ni nadra. Mtu akipotelea vitani au majini na mwili usipatikane, ukoo unakata shina la mgomba, unalifunika shuka na nguo zake, unalilia, unalizika kama yeye. Ndipo nyumba inaendelea. Mimi silidharau jambo hilo. Waliolianzisha walijua kwamba huwezi kuwaambia watu wangoje milele.

Nasimiyu alikataa. Kwa hiyo wakaja kwangu, wakiongozwa na Mzee Kundu, amu wa Barasa, ambaye aliketi akaweka fimbo katikati ya miguu na kusema, kwa ulimi wake unaochanganya r na l, "Wakiri, huyu bibi anasikia wewe peke yake. Ongea na yeye. Hii kesi yako si mbaya, lakini inarara sana kuliko sisi. Mtoto atangoja mpaka lini?"

Nasimiyu alikuwa pale pale, amesimama mlangoni. Akasema, "Mgomba si bwana yangu."

"Hakuna mtu amesema mgomba ni bwana yako," Kundu akasema. "Ni desturi tu."

Wote wakanigeukia mimi. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na watu kumi wanalala sebuleni, nilikuwa na wewe unaumwa surua, nilikuwa na faili nyingine za watu waliopotea, na nilitaka hao wazee waniondokee ofisini. Nikasema kwa ile sauti yetu ya mawakili kwamba mila ni mila na sheria ni sheria, hizi ni njia mbili, moja haizuii nyingine. Zikeni, kesi itaendelea. Nasimiyu akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Sikuwa nimefungua kitabu hata kimoja.

Na haikutosha. Nilikwenda mazishini. Ningewezaje kukosa, nami ni mtu wa watu? Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na turubai, shina limevishwa koti la Barasa la kanisani. Msimamizi wa mazishi akaita, "Sasa wakili wa familia atatupatia maneno mbili." Nikasimama, nikasema vizuri kama ninavyojua kusema, nikasema marehemu alikuwa mtu wa bidii, marehemu hakuwahi kuchelewesha maziwa ya mtu. Watu wakalia. Nasimiyu hakulia. Alikuwa akinitazama, nami nikadhani ni huzuni.

Yule wakili wa serikali alikuja na picha. Sijui alipewa na nani, na kwenye vita usiulize sana, kila mazishi yana mtu anayepiga picha. Mimi nimo, nimeshika udongo mkononi. Jaji akazitazama moja moja, akavua miwani.

"Wakili, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na ulipozungumza ulimwita marehemu?"

"Nilimwita hivyo, Mheshimiwa."

"Basi unataka niamuru nani aletwe?"

Nikafungua faili, nikalifunga tena. Mimi, ambaye baba yako husema nikinyamaza ujue nimelala. Ombi likatupwa. Jibu lilinijia nikiwa kwenye ngazi za nje, tena jibu rahisi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitoa. Sheria yetu haimhesabu aliyepotea kuwa amekufa mpaka ipite miaka saba bila habari zake, na mgomba si cheti cha kifo, na maneno ya mtu mazishini si ushahidi wa daktari. Nilisimama pale kwenye ngazi nikilisema lote, vizuri, kwa mpangilio, na aliyenisikia ni mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu.

Ungeniuliza hapo, ningekwambia ndiyo sababu sikurudi. Ningekwambia niliaibika. Ni kweli, lakini si ukweli wote, na ndiyo maana chumvi ilihitajika.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mtu ofisini anayeitwa Wafula, muuzaji wa kamba na hatamu za ng'ombe huko Myanga. Alikuwa ametoka kule walikowekwa waliokamatwa. Mwendo wake ulikuwa umeharibika. Akaniambia alikuwa na Barasa chumba kimoja, wakigawana blanketi. Nikamuuliza lini. Akasema wakati wa kupalilia, maana waliyaona mahindi kupitia tundu la ukuta, na Barasa alikuwa akisema yamepandwa karibu karibu mno. Nekesa, mgomba tuliuzika kabla ya kupanda. Mtu alikuwa hai, anakosoa mashamba ya watu, na mimi nilikuwa nimeshamtolea hotuba ya mazishi.

Kisha siku moja waliitwa wote wawili nje, yeye akarudishwa, Barasa hakurudishwa. Hajui zaidi ya hapo.

Nikamwomba aape hati ya kiapo. Akatikisa kichwa. "Mama, hawa watu bado wanapita na gari hapo sokoni wananisalimia kwa jina. Niko na watoto." Nikamwambia sawa, ukiwa tayari utanipata. Naye akasema sawa. Akaenda zake, na mimi nikashusha pumzi. Hilo ndilo ninaloliona vibaya sasa, ile pumzi. Hofu yake ilinipa pa kujificha. Na nikajiambia hakuna faida ya kumwambia Nasimiyu jambo lisiloweza kuthibitishwa, nimwongezee kidonda. Sikumwambia. Alikuwa akinipigia simu kila Krismasi kunitakia heri, na mimi nilikuwa nikimtakia heri pia.

Miaka ikapita. Katiba mpya ikaja, tukaichezea ngoma, nikaisoma usiku kucha kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Nilipofika ile ibara inayotaja haki chache ambazo haziguswi kamwe, kuwe na vita, kuwe na hali ya hatari, kuwe na nini, nikakuta amri ya kumleta mtu mahakamani ni mojawapo. Ilikuwa imeandikwa wazi. Nikaifunga, nikaenda kukamua ng'ombe. Wewe ulikuwa shule ya msingi, ukaja ukanikuta zizini ukaniuliza kwa nini nimenuna, nikakwambia ng'ombe amenipiga teke. Ulimkemea yule ng'ombe vizuri sana.

Kwa hiyo uliponiuliza Jumapili, nilikasirika nawe siku mbili. Nilikasirika kwa sababu unaenda vitani ukiwa na miaka ishirini na mitano na joho la kuiba. Nilikasirika na baba yako kwa kucheka. Nilimkasirikia hata kukhu wako kwa kukuombea safari njema badala ya kuomba gari liharibike. Jumanne nikaona nitaugua, nikachukua gari nikaenda Myanga.

Wafula amezeeka. Bado anauza kamba. Alinitambua kabla sijazima injini. Nikamwambia nimekuja kuuliza tena lile jambo, kama ataweza kuapa, na kwamba akikataa nitamwelewa. Aliendelea kusuka kamba yake mpaka akafika mwisho, akaifunga fundo.

"Mimi nilikuwa nangojea," akasema.

"Ulikuwa unangojea nini?"

"Wewe urudi uniulize. Ulisema nitakupata. Sasa mtu kama mimi naingia aje kwa ofisi ya wakili kusema niko tayari, na hakuna mtu ameniuliza? Wale watu walihamishwa kitambo. Niliogopa kama mwaka moja, miwili. Hiyo ingine yote nilikuwa nakungojea tu."

Nekesa, sijui kama nimewahi kutamani kumpiga mtu na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Tulikuwa tukingojeana. Mimi Kitale, yeye Myanga, na mwanamke wa watu katikati. Husemwa kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuuliza mara moja, ukajibiwa hapana, ukaenda kustarehe na hapana yako, huo ndio ujinga wenyewe, na una digrii.

Kutoka hapo nilikwenda Endebess moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikipitia nyumbani nitapata sababu. Nasimiyu alikuwa akianika mahindi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba Barasa alikuwa hai tulipomzika, na kwamba nilijua, na tangu lini nilijua. Nilitarajia anifukuze. Mimi ningejifukuza. Aligeuza mahindi kwa mguu, halafu akasema, "Nilikuambia mgomba si bwana yangu."

"Uliniambia."

"Ukaniambia una hakika."

"Nilikuambia."

"Wewe, bana," akasema, basi, akarudisha kwa mguu punje zilizotawanyika. Kisha akaniuliza, "Kesi ni saa ngapi?"

Siku hizi hatupeleki karatasi. Tunapandisha kwenye mtandao, na mtandao ulikataa mchana kutwa, ukakubali jioni nikiwa nimeshaulaani kwa lugha zote ninazozijua. Ombi jipya, kiapo cha Wafula, na kiapo changu mwenyewe kuhusu mazishi, kwamba mimi ndiye niliyetoa ushauri ule na mimi ndiye niliyesema marehemu. Nitalazimika kuketi kama shahidi huku wakili mwingine akisimamia sehemu hiyo, na huyo wakili wa serikali wa sasa ni kijana mkali, atanila nyama. Tumeitwa Jumatano ijayo. Walitaka tufanye kwa video. Nimekataa, kwa sababu Nasimiyu anataka kusimama mahali penyewe.

Usinielewe vibaya. Simtarajii Barasa aingie pale mlangoni. Hata Nasimiyu hamtarajii. Anachotaka ni waliomchukua waseme walimpeleka wapi, na si ukoo wala mimi tumsemee. Kijana wao, yule aliyetahiriwa huku amu yake amesimama kama baba, sasa ana watoto. Yeye ndiye atakayemleta mama yake kwa gari.

Hayo ndiyo niliyotaka kukwambia kuhusu kazi ya wakili vitani, na naona hayafanani na yale unayoyasema ukiwa na marafiki zako. Mtashindwa mara nyingi. Mtapeleka amri na mlinzi atawapa chai. Jaji atakuwa na hofu, na wewe utakuwa na njaa, na familia itataka kuzika ili maisha yaendelee, na watakuuliza wewe. Usiwaambie wasizike. Huna haki hiyo, na msiba si wako. Lakini usiwape hakika ambayo huna ili watoke mbele yako. Waambie, "Sijui, nipeni hadi kesho nisome." Neno sijui lingeniokoa, na lilikuwa pale kinywani. Na yule anayesema hapana leo, rudi kwake. Rudi tena mwaka ujao. Wakikuona msumbufu, waambie umerithi.

Ninakuogopea, Nekesa. Naliandika hapa kwa sababu kesho asubuhi sitalisema, nitakuwa nikigombana na dereva kuhusu mahali pa kuweka sanduku. Ninaogopa sana, na bado nisingependa ubaki. Ukibaki kwa sababu ya hofu yangu utakuwa wakili wa kuomba tarehe, na hao tunao wa kutosha.

Joho langu nimelitoa sandukuni. Nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, na usijaribu, nitakuwa nimelala karibu nalo. Nalihitaji Jumatano. Lako liko juu ya kitanda chako, nimelipiga pasi na kukaza kifungo cha juu. Lichakaze mwenyewe.

Mama yako